Kofia Kwenye Benchi la Mapokezi

Kituo cha Utafiti wa Sera za Usalama
Ofisi ya Ushirikiano
4 Machi

Kwa Mama, mjane wa marehemu Afisa Ushirikiano wetu.

Yah: Daftari la kazi la marehemu

Shikamoo Mama, na pole tena kwa msiba. Mimi ndiye niliyeajiriwa kushika nafasi ya marehemu mumeo. Nimekupigia simu mara nyingi bila kukupata. Juzi alipokea dada yako, akaniambia niandike barua kwa sababu simu huzigusi tena.

Kituo kinajiandaa kusaini hati ya makubaliano na Idara ya Ulinzi wa Ndani. Tukisaini, watafiti wetu wataruhusiwa kusoma majalada ya Idara na kufundisha maofisa wake, jambo ambalo Kituo kimelitafuta kwa miaka tisa. Kila mshirika tuliye naye, awe chuo, shirika au ofisi ya takwimu, marehemu aliandika habari zake kwenye daftari dogo la jalada la bluu. Tunayo kumi na matatu. La kumi na nne, ambalo ni la Idara, halipo ofisini.

Mkurugenzi anaomba, kama liko kwako, ulitume kwa basi la abiria kwa anwani yetu. Kusaini kumepangwa tarehe 30 Mei.

Wako katika kazi,
Afisa Ushirikiano


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika. Dada aliifungua akidhani inatoka hospitali, nawe umsamehe, hapa kwake tunafunguliana kila kitu.

Kuhusu simu, habari ile ililetwa kwa simu, saa kumi na moja jioni, nikiwa na pini mdomoni nakunja pindo la sketi. Tangu hapo ikilia natoka uani mpaka inyamaze. Dada anasema nimekuwa kama kuku anayesikia mwewe. Acha aseme.

Daftari hilo sinalo. Vitu vyake vilivyotoka hospitali nilivipanga kitandani kimoja kimoja: saa, miwani, kalamu mbili, viatu, koti, leso. Kilichokosekana ni kofia. Nilimuuliza muuguzi, akaangalia kwenye orodha, akasema mgonjwa hakuja na kofia. Mtu huyo kwa miaka ishirini na sita hakutoka nje kichwa wazi, hata kwenye harusi ya mpwa wetu mpiga picha alimbembeleza aivue akakataa. Basi labda daftari liko huko iliko kofia.

Koti nimelitundika nyuma ya mlango wa chumba ninacholala hapa. Mlango ukifunguliwa, mkono wa koti unatikisika, na mimi bado nageuka.

Hayo kumi na matatu umeyasoma? Ukiyasoma usimcheke mwandiko. Alikuwa anaandikia kwenye goti.

Mke wa Mzee Benchi
(Najua ndivyo walivyomwita huko kazini. Sikuchukia.)


25 Machi

Mama,

Nimeyasoma yote, na nakuandikia kwa sababu sijayaelewa. Nilitegemea kukuta malengo ya washirika, majina ya wakuu wao, tarehe za mikutano. Hakuna. La chuo kikuu linaanza hivi: "Saa tatu. Mwanafunzi mwenye bandeji mguuni amesimama. Viti vitatu vina mafaili." La ofisi ya takwimu: "Mzee ameambiwa arudi kesho. Hakuambiwa kwa nini. Ameshukuru." Kurasa arobaini za namna hiyo, na mwishoni neno moja, NDIYO au BADO.

Mkurugenzi alipoyaona alicheka, akasema marehemu alikuwa na mambo yake, lakini ajabu ni kwamba hakuna ushirikiano hata mmoja wa kwake uliowahi kuvunjika. Niliyemkuta ofisini, mtunza masjala, ananiambia nisijisumbue, nichape hati, nitafute meza nzuri ya kusainia na maua. Mimi niko kwenye majaribio ya miezi sita. Hati hii ikisainiwa nitathibitishwa kazini. Isiposainiwa, sijui.

Jana simu ya mezani ililia, mtu wa chuo fulani akamuulizia marehemu. Nilimwambia amefariki. Akasema, "Basi mwambie kwamba mama yangu amepona mguu." Halafu akaomba radhi, akakata.

Mto mdogo wa kijani ulio kwenye kiti chake nimeuacha palepale. Nimeona mshono wake ni wa mkono.

Afisa Ushirikiano


5 Aprili

Mwanangu,

Mto niliushona mimi, kwa kipande kilichobaki cha pazia. Mgongo wake ulikuwa mbaya. Ukalie tu, mto haumjui mtu.

Sasa nikueleze habari ya benchi, maana naona hakuna aliyekueleza. Alikuwa anasema taasisi ni kama mchumba, siku ya kuposwa huoga. Ukialikwa utakuta wamefagia, wamepanga vikombe, mkubwa amevaa tai. Utaonyeshwa sebule. Kwa hiyo yeye, kabla Kituo hakijaandika hata mstari mmoja wa hati, alikwenda siku asiyoalikwa. Alikaa kwenye benchi la mapokezi na wale wasio na miadi, kimya, asubuhi mpaka mchana. Alitazama wanaosubiri wanavyotendewa. Aliniambia kwamba vile ofisi inavyomtendea asiye na mtu ndani ndivyo itakavyokutendea wewe siku mkikosana.

Na kila mara alitoka na swali. Likijibiwa vizuri, aliandika NDIYO. Kama halijajibiwa, BADO, na hati ilingoja. Wenzake walimtania kwamba anaposa kwa makalio. Alicheka nao.

Tena alikuwa na kanuni yake moja, aliirudia hata mezani: "Kabla ya kusaini wewe ni mgeni, una ruhusa ya kuuliza. Ukishasaini ni mkwe, na mkwe hula akiwa ameinamisha macho."

Ile asubuhi ya mwisho alisema kifua kizito. Nilikuwa na sare arobaini za shule za kumaliza siku hiyo. Nikamwambia ni uzee huo, aende kazini asinizibie mwanga wa mlangoni. Akavaa kofia. Bitana yake ilikuwa imeachia, nikaona, nikamwambia jioni nitaishona tena. Mara ya kwanza niliishona kwa uzi wa kijani kwa kuwa mweusi uliniishia, na yeye akasema haidhuru, kichwa hakioni ndani ya kofia.

Sijui kwa nini nakuandikia haya. Wewe uliuliza madaftari tu.

Mke wa Mzee Benchi


28 Aprili

Mama,

Nimekwenda kukaa benchi. Sikumwambia mtu. Nilimuaga mtunza masjala kwamba nakwenda kwa daktari wa meno, akanitakia jino jema.

Mapokezi ya Idara ni chumba kirefu chenye dirisha moja dogo la kioo, na chini ya kioo tundu la kupitishia karatasi. Saa ya ukutani imesimama. Kuna benchi moja la mbao, limeng'aa kwa kukaliwa. Tulikuwa kama kumi. Mimi nilisimama kwa sababu mwanya uliobaki, karibu na dirisha la nje, ulikuwa na kofia. Nilidhani mwenyewe ameenda msalani. Saa nzima ikapita. Mzee mmoja mwenye fimbo akataka kuisogeza akae, na mwanamke aliyekuwa jirani na kofia akaweka mkono juu yake, taratibu kabisa, akasema, "Hapo pana mtu."

Waliozoea wakamsogezea mzee upande wa pili. Nikaona wote wanajua.

Mama huyo ana kikapu cha kufuma. Ndani yake mna sweta ya mwanamume yenye mkono mmoja. Sindano anazishika, lakini hafumi. Nilichuchumaa karibu naye tukaongea. Mumewe ni dereva wa lori. Alishushwa kwenye kizuizi cha barabarani mwezi wa kumi, akaambiwa ni mahojiano ya saa moja. Mkewe alipewa kikaratasi chenye namba ya jalada. Akija na namba hiyo atajibiwa, walisema. Kikaratasi hicho hana tena. Alimpa baba mmoja aliyekaa naye hapo benchini, aliyevuka barabara kukitolea nakala, akaacha kofia imshikie nafasi, akasema anarudi sasa hivi.

Nikamwambia nitajie jina la mumeo, niulize mimi. Akasema dirishani ameshalitaja mpaka limechakaa. Bila namba hawafungui kitabu. Na alishampa yule baba kila kitu, kaandika kwenye daftari la bluu, akimpa mtu mwingine itakuwa kama kumwambia yule hakuaminika. "Amechelewa tu," akaniambia. "Mtu hawezi kuacha kofia nzuri hivi."

Anakuja kila siku ya kazi, Mama. Anaogopa kwamba siku asipokuja ndiyo siku atakayorudi yule baba.

Sikuweza kumwambia. Nilipoondoka nilimwomba niitazame kofia. Ni ya kahawia, kitambaa kizito. Bitana imeachia upande mmoja. Uzi ni wa kijani.

Nisamehe kama nimekosea kukuandikia hili kwenye karatasi. Kwa simu nisingeweza hata kama ungepokea.

Binti yako wa ofisini


11 Mei

Mama,

Umenyamaza. Kila basi likifika nakwenda kuuliza. Pengine barua yangu imekuumiza, na kama ni hivyo nakuomba unikaripie, nitapokea.

Hapa wamekuja wa Idara kupima ukumbi. Wameleta kalamu mbili za kusainia ndani ya sanduku la mbao. Mkurugenzi amenikabidhi ratiba. Zimebaki siku kumi na tisa.

Nimekwenda tena mara mbili. Kofia bado ipo.

Binti yako wa ofisini


18 Mei

Mwanangu,

Nilikudanganya. Daftari ninalo. Lilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, lile la nyuma ya mlango, tangu siku walipolileta.

Nililifungua mara moja, wiki ya arubaini yake. Nikaona mstari mmoja, nikalifunga, nikalirudisha mfukoni, na mfuko nikaushona. Dada ni shahidi, alinikuta nashona mfuko wa koti la marehemu akadhani akili zimeniruka. Mstari ule ulisema kifua kinambana. Nilikuwa nimejiambia kwamba alipata nafuu njiani, kwamba kilikuja ghafla, kama hospitali walivyosema. Sikutaka kuona kwa mwandiko wake kwamba alitoka nyumbani nacho, na mimi nilikuwa nataka mwanga wa mlangoni.

Barua yako ilipofika sikula siku mbili. Halafu nikafumua mshono.

Daftari nalituma kwa basi la kesho, mkononi mwa kondakta anayemjua shemeji yangu. Barua hii naituma kwa posta, na ukurasa nimeunakili hapa, kwa sababu nimejifunza kwamba kitu kikiwa kimoja tu kinaweza kupotea.

"17 Oktoba. Idara, mapokezi.
Saa tatu kasoro. Benchi moja, watu tisa. Saa ya ukutani imesimama saa nane na dakika kumi. Hakuna anayeitazama.
Saa nne. Kifua kinanibana. Nimehamia karibu na dirisha. Bi Sindano asijue, atajilaumu.
Saa nne na nusu. Mama anayefuma. Sweta, mkono mmoja umekwisha. Mumewe dereva wa lori, alichukuliwa tarehe 9. Ana kikaratasi chenye namba. Kila siku anakipitisha chini ya kioo, kinarudishwa, anaambiwa asubiri. Haulizi. Ana adabu mno.
Saa sita. Nimeuliza mimi. Karani amesema: hatupokei cha asili, tunapokea nakala. Mama hajawahi kuambiwa neno nakala. Siku nane.
Swali la kuuliza kabla ya kusaini: Dereva yuko wapi?
Navuka barabara kutoa nakala. Kofia inashika nafasi."

Hakuna NDIYO wala BADO. Kikaratasi kipo, kimebanwa kwenye jalada la nyuma, na namba inasomeka vizuri.

Bi Sindano ni mimi. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo.

Yeye aliangukia kwenye kibanda cha nakala, mwanangu. Hilo nililijua. Aliyeniletea habari alisema alikuwa amesimama kwenye foleni ya mashine. Ila sikujua alikuwa ameshika cha nani. Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anamngoja arudi, na mimi miezi saba nilikuwa na jibu lake mfukoni, nimelishonea.

Mimi nina tarehe. Naamka najua mimi ni mjane. Yule anaamka hajui ni mke au ni nani. Mfikishie Mkurugenzi hili kabla ya tarehe 30. Baada ya hapo mtakuwa wakwe.

Bi Sindano


29 Mei

Mama,

Daftari lilifika juzi, basi lilikwama njiani wiki nzima kwa mvua, na kondakta alilifunga kwenye shati lake safi ili lisilowe.

Niliingia kwa Mkurugenzi bila miadi. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Alisoma akiwa amesimama, ameshika chai. Alipofika kwenye kofia akakaa. Hakunywa ile chai. Akaniuliza kama ni kweli bado ipo, nikamwambia jana niliiona. Akasema, "Tulikuwa tunamcheka." Basi.

Mchana walikuja wawili wa Idara kwa ajili ya kupanga viti. Mkurugenzi aliwaambia hati ni nzuri, ila afisa wetu aliacha swali, na Kituo hiki hakijawahi kusaini swali la afisa huyo likiwa wazi. Mmoja akatabasamu, akasema tusaini kwanza kesho, mambo madogo kama hayo yatamalizwa ndani ya ushirikiano, kindugu. Mkurugenzi akamjibu kwamba Kituo kikishakuwa ndugu kitashindwa kuuliza. Ilikuwa kanuni ya mzee, Mama, nusu yake. Sijui aliitoa wapi, labda alikuwa anasikiliza siku zote.

Nakala ya kikaratasi tumeipeleka leo, mhuri wa Kituo ukiwa juu. Niliitoa mwenyewe, kwenye kibanda kilekile. Mwenye mashine anamkumbuka. Alimwekea kiti.

Kesho hakuna kusaini. Maua yameshaletwa, mtunza masjala ameyagawa kwa wenye kuyataka.

Binti yako wa ofisini


24 Juni

Mama,

Jibu limekuja. Limekuja kwa jina la marehemu, si la Mkurugenzi wala langu, kwa sababu swali liliandikwa kuwa ni lake. Tarishi alilileta akaita jina hilo mlangoni, na ofisi nzima ikanyanyua kichwa. Nikasema, "Nipo," nikasaini kitabu chake.

Linasema hivi, na halina maneno mengine:

"Rejea swali lako la tarehe 17 Oktoba. Jalada lenye namba iliyotajwa limefungwa. Mhusika alifariki akiwa chini ya ulinzi tarehe 15 Oktoba, kwa maradhi. Alizikwa na Idara. Namba ya kaburi imeambatishwa. Familia haikufika kuulizia kwa utaratibu."

Tarehe 15, Mama. Mzee alipokaa pale, dereva alikuwa ameshakufa siku mbili. Siku zote hizo walizokuwa wakimrudishia yule mama kikaratasi chake, jibu lilikuwa kwenye kitabu upande wa pili wa kioo.

Nililiweka jibu ndani ya daftari, na chini ya swali nikaandika BADO kwa mwandiko wangu. Mkurugenzi ameona. Hati iko kwenye droo. Idara wamepiga simu mara mbili kuuliza kalamu zao.

Sasa lazima mtu akamwambie. Mkurugenzi amesema niende mimi. Nimeshavaa viatu siku tatu nikavivua. Jumamosi saa nne asubuhi nitakupigia simu. Usipopokea nitaelewa, na Jumatatu nitakwenda peke yangu.

Binti yako wa ofisini


9 Julai

Mwanangu,

Hukunikuta stendi kuniaga kwa sababu nilipanda basi la mapema, nilitaka kuondoka kabla sijabadili mawazo nikabaki mjini kwenu. Basi acha nikueleze yaliyotokea baada ya wewe kuniacha mlangoni pa Idara, kama nilivyokuomba uniache.

Kwanza simu. Iliita mara tano. Dada alitaka kuipokea, nikamwambia akae chini, nikaipokea mwenyewe. Uliniuliza kwa nini nalia na hujasema kitu bado. Ni kwa sababu ilikuwa simu tu, na mtu aliye hai upande wa pili. Ndiyo maana nilikwambia usiende peke yako, nakuja.

Benchi ni fupi kuliko nilivyodhani. Miezi yote hii nililiona refu. Nilisimama mbele yake, nikamwona yule mama na kikapu chake, na kofia. Nilijua kabla sijaigusa. Inavyokaa imeinama upande wa kushoto, ni mume wangu aliyeizoeza hivyo. Nikamwambia mimi ni mke wa mwenye kofia. Akanitazama viatu, akapanda na macho mpaka usoni, na kabla sijasema lingine akaichukua kofia akaipakata, akasogea, akanipa nafasi ile.

Nilimwambia la kwangu kwanza. Kwamba alivuka barabara na kikaratasi, akasimama kwenye foleni, akaanguka, na hakuwa amemsahau. Kisha nikamwambia kwamba kikaratasi kilikuwa kwangu, na kwa nini. Sikupunguza. Alinisikiliza akisugua ukingo wa kofia kwa kidole gumba.

Akaniuliza, "Na wangu?"

Nikamwambia tarehe. Nikampa karatasi yenye namba ya kaburi. Hakupiga kelele. Aliomba nimsomee tena ile tarehe, nikamsomea. Akahesabu kwa vidole. Akasema siku hiyo ya tarehe 15 alikuwa hapa, alikaa mpaka wakafunga, na mlinzi alimsifu kwamba ana subira.

Tulikaa. Sijui muda gani, ile saa haisaidii. Baadaye alitoa sweta kwenye kikapu, akanionyesha mkono uliokosekana, kwa kuwa nilimwambia mimi ni fundi. Akaniuliza kama sweta ya mkono mmoja inaweza kumaliziwa kwa uzi mwingine. Nikamwambia inaweza, mshono utaonekana lakini inaweza. Akanipa kofia. Nikaitia mkono ndani, nikagusa uzi wangu. Hainukii tena chochote cha kwake. Inanukia sabuni. Alikuwa akiifua kila Ijumaa, mwanangu, ili mwenyewe akirudi asiikute na vumbi.

Kama hasira anayo juu yangu, hakunionyesha. Namwachia. Ni haki yake aitoe siku atakayo, anwani yangu anayo.

Tulikuwa tunainuka tuondoke akaingia mwanamke wa makamo, gauni la maua, kijasho usoni, na kikaratasi kidogo amekishika kwa mikono miwili kama mtu abebaye yai. Akaenda dirishani, akakipitisha chini ya kioo. Kikarudi. Akaambiwa asubiri. Akashukuru, akageuka kutafuta pa kukaa.

Yule mwenzangu akanitazama. Nikamwita yule mama, nikamwambia hapa wanataka nakala, cha asili hawapokei, na hakuna atakayekuambia. Ng'ambo ya barabara kuna kibanda. Akasema anaogopa kupoteza nafasi.

Nikaiweka kofia kwenye benchi.

"Nenda," nikamwambia. "Hapo pana mtu."

Akatoka. Sisi tukakaa tena, mmoja huku na mmoja huku, kofia katikati. Mimi nilikuwa natazama mlango, na nikasikia pumzi ya mwenzangu, nikajua naye anatazama huko huko. Lilipita lori nje, vioo vikatetemeka. Akaingia mwanamume, si yeye. Mlango ukafungwa, ukafunguliwa na upepo, ukafungwa.

Akarudi.

Bi Sindano